Mbuzi wa Miguu Mitano

Namshukuru Mungu, anayeona hata mishono ya nyuma ya kitambaa, pale ambapo mgeni hageuzi kutazama. Ameniamsha leo nikiwa na magoti mabovu na macho mazima, na kwa kazi niliyoifanya uzeeni, macho ndiyo niliyoyahitaji. Sifa ni zake.

Wanangu mliopokea funguo za nyumba yetu ya makumbusho hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi. Mlisema, "Baba Ester, andika kabla hujasahau." Asanteni kwa adabu hiyo. Nitaandika jinsi mambo yanavyonijia, maana kichwa changu sasa ni kama sanduku la seremala: ukitafuta nyundo, misumari ndiyo inakuchoma kwanza. Lakini kuna jambo moja nataka mlijue kuliko yote. Ni jinsi nilivyokaribia kumnyima mama mmoja jina lake, ndani ya nyumba iliyofunguliwa ili mama kama yeye apate jina.

Nilikuwa seremala kule Fizi, Kongo, nikawa seremala tena hapa. Neema, yule binti aliyekulia kambini akaenda kusomea mambo ya sanaa Lilongwe, alinikuta ninapiga randa mlango wa kanisa.

"Baba Ester," akasema, "nataka kufungua makumbusho ya kazi ya bamama. Bale hakuna mutu aliwauliza hata siku moja."

"Na banaume je?"

"Banaume batatengeneza rafu."

Nikatengeneza rafu. Nilipomaliza akanikabidhi funguo, na hivyo mzee wa kanisa akapata bosi aliyemzidi kwa kila kitu isipokuwa miaka. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na mnapomwona leo anacheka nami kama mjukuu, msidhani ilikuwa hivyo siku zote. Siku ya kwanza nilitundika kitambaa kwa msumari. Alinitazama kama nimempigilia yeye.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya unga. Panya waliendelea kuja muda mrefu baada ya unga kuondoka, kama waumini ambao hawajaambiwa kwamba ibada imehamishwa. Wale niliwaweza. Mchwa ndio hawana dini. Kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, na meza isiguse ukuta, maana mchwa akikosa mguu atapita ukutani. Vumbi la vikapu litoeni kwa unyoya wa kuku, mkavu. Msiinue kikapu kwa kushika kifuniko, hata kama mgeni anaharakisha na gari lake linanguruma nje.

Kitambaa cha kudarizi kishoneeni utepe wa pamba nyuma, upande wa juu, uwe kama mfuko mrefu mwembamba. Pitisheni ufito humo, kisha ufito ndio utundikwe. Hapo uzito unagawanyika. Pasi ya makaa ni adui. Mkilazimika, lazeni kitambaa kifudifudi juu ya blanketi na mpige upande wa nyuma, msije mkalaza maua ambayo mama wa watu aliyasimamisha kwa sindano. Na mkisafirisha, msikunje. Viringisheni juu ya ufito pamoja na shuka kuukuu.

Neno ambalo nimelisema mara nyingi zaidi maishani kuliko "Amina" ni hili: "Usiguse." Nililisema kwa Kiswahili, kwa Kichewa kibovu, na kwa Kifaransa nilipotaka kuogopwa. Kuna watu wakiona kitambaa kizuri ni lazima wakipangusie mikono. Watoto walikuwa afadhali. Mtoto ukimwambia mara moja anaelewa. Wachungaji ndio walinisumbua.

Lakini utamwambiaje "usiguse" yule aliyekitengeneza? Mama Spesi, Mrundi msukaji, aliingia asubuhi moja akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye rafu.

"Baba Ester, nakuya kukamata kikapu yangu."

"Mama, iko mu makumbusho."

"Najua. Lakini iko na harusi."

Kwao zawadi ya harusi inabebwa katika kikapu kama kile, na kumkatalia kungekuwa kama kumwambia bibi harusi aende pekupeku. Kikaenda. Kilirudi kina punje za mtama chini, nikazitoa kwa unyoya. Harusi iliyofuata kikaenda tena. Neema akachoka kubishana, akaniambia niweke karatasi mahali pake: "Kimeenda harusini." Wanafunzi fulani waliokuja kutoka Lilongwe waliipiga picha ile karatasi kuliko vikapu vyote vilivyokuwapo.

Sasa niwaambie ya Mama Riziki.

Kosa langu lilianzia kwenye heshima. Neema aliniagiza niandike jina la kila mama chini ya kazi yake. Nyinyi mnajua kwetu mama mwenye watoto haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake. Kumtaja jina lake hadharani ni kama kumvua kitambaa cha kichwa. Mimi mzee wa kanisa ningeanzaje? Hata hivyo nilitii. Nilichukua kalamu nikaenda nyumba ya kwanza.

"Mama, jina lako?"

"Mama Aline."

"Ile ya kwako weye."

"Juu ya nini? Niko nashitakiwa?"

Hapa kambini mtu akikuuliza jina lako lote huku ameshika kalamu, ni mambo ya posho au ya kesi. Milango ilianza kufungwa kabla sijafika. Basi nikaandika kwa heshima: Mama Aline, Mama Spesi, Mama Riziki. Neema akakunja uso. Nikamwambia kila mtu anawajua.

"Kila mutu wa wapi, Baba?"

Sikumwelewa. Nilidhani dunia inaishia kwenye kisima cha kambi.

Tulikuwa tumetangaza kanisani kwamba wamama walete kazi zao, na kitambaa cha Mama Riziki kililetwa na dereva wa kabaza, ile baiskeli ya abiria, kimefungwa ndani ya kitenge. "Banasema ni ya Mama Riziki, ya ile tangazo ya kanisani," akasema, akapiga kengele ya baiskeli, akaenda zake. Nilipokikunjua nilikaa chini. Kilikuwa kirefu kuliko meza ya Bwana. Ndani yake kuna safari yetu sote: ziwa liko nyuma, bluu kabisa, watu wanatoka Uvira. Mmoja amebeba godoro, mwingine cherehani, mtoto amekumbatia kuku. Mwishoni kuna mzee anavuta mbuzi ambaye hataki kwenda. Na mbuzi yule ana miguu mitano.

Mguu wa tano ulininyima usingizi. Niliomba juu yake. Mwishowe nikapata maana, nikaanza kuwaeleza wageni: miguu minne ni ya mbuzi, wa tano ni imani, na bila huo wa tano asingefika Malawi. Wageni walitikisa vichwa, wengine walifuta machozi. Mchungaji mmoja aliyenitembelea aliyachukua maneno hayo akayahubiri mpaka Mtandire, kule Lilongwe. Nilijiona mwalimu mkubwa.

Ndipo akaja Mayi Tiyamike, mama mpole mwenye miwani, kutoka ofisi moja ya serikali pale Capital Hill. Alisimama mbele ya kitambaa kile, akakifuata kwa macho kutoka ziwani mpaka kwa mbuzi. Kisha akamwambia Neema kwamba wanaandaa maonyesho Lilongwe, na kwamba hiki kitatundikwa ukuta wa mbele. Aliyekitengeneza aje mwenyewe. Jina lake litaandikwa kwa herufi kubwa na kusomwa mbele ya watu. Gari lingekuja Ijumaa, nalo lilikuwa na nafasi tatu: ya Neema, yangu mimi mbeba kitambaa, na ya huyo mama.

Akanigeukia akaniuliza jina lake.

"Mama Riziki," nikasema.

"Zikomo, bambo," akanishukuru kwa Kichewa. "Na jina lake mwenyewe?"

Nikafungua mdomo, hamkuwa na kitu ndani.

"Basi anakaa wapi?"

Nikaonyesha kambi nzima kwa mkono. Neema alinitazama, na safari hii nilielewa lile swali la kila mtu wa wapi.

Jumapili nikatangaza kanisani: Mama Riziki mwenye kitambaa afike makumbusho kesho asubuhi, kuna gari la kumpeleka Lilongwe. Jumatatu sikuwa nimemaliza kufungua mlango, wakaja wawili.

Wa kwanza alikuwa Mama Riziki wa Mandazi, mwenye meza ya mandazi kando ya barabara. Alikuwa amevaa kitenge kipya na kubeba mfuko wa safari.

"Baba, gari iko wapi?"

"Gari ni Ijumaa. Mama, ni weye ulishona hii kitambaa?"

"Jina ya chini si yangu?"

"Ni yako, lakini..."

"Bakiandika jina yako ku ukuta, we utakatala?"

Nikamvutia kiti.

Wa pili alikuwa Mama Riziki wa Kwaya, mrefu, sauti yake inasikika hata akinong'ona. "Huyu wa mandazi hata kifungo hajui kushona," akasema. "Mi njo nilitoa uzi. Ile bluu ya ziwa, nilinunua mi mwenyewe kule Lilongwe, mu Old Town."

"Uzi haijishonaka," akasema wa Mandazi.

"Na mandazi je, inajishonaka?"

Wakati wanaendelea hivyo, nikaona mtu mlangoni. Bibi mdogo wa umbo, amevua ndara zake kama anaingia ibadani, amesimama nje ya kizingiti.

"Hodi. Mi pia baniitaka Mama Riziki."

"Karibu, Mama," akasema wa Mandazi, "panga mustari."

Bibi yule hakucheka wala hakukasirika. Alisema anakaa upande wa mbali, kwenye bustani za mboga, na kwamba hajawahi kuingia humu. Alisema kwa miaka mingi anadarizi vitambaa, na kuna mtu anavichukua kupeleka kuuza mjini. "Siku moja nilienda Old Town, nikaona kitambaa yangu imetundikwa mu duka. Nikafurahi. Nikaishika, nikasema, hii ni yangu. Balinifukuza, Baba. Balisema mi mwizi." Akakitazama kitambaa ukutani. "Sasa kama hii iko ya huyu mama, ni ya huyu mama. Sikuje kugombana. Nilitaka tu kusema mara moja ingine."

Wanangu, hapo moyo wangu ulishuka. Niliona kwamba nikimpandisha gari mtu asiyekuwa mwenyewe, bibi huyu atakuwa ameambiwa mara ya pili kwamba kazi ya mikono yake si yake, na safari hii atakuwa ameambiwa na sisi.

Mtauliza, kwa nini sikuwapa sindano kila mmoja ashone nione? Neema pia aliniuliza hivyo baadaye. Lakini mzee aliyesomea Neno hatafuti sindano, anatafuta mfano. Nikamkumbuka yule mfalme wa zamani aliyeletewa mtoto mmoja na wamama wawili, akaamuru akatwe, na mama wa kweli akalia. Nikasema moyoni, Bwana, asante, umenionyesha njia.

Nikakishusha kitambaa, nikakitandaza juu ya meza. Nikachukua mkasi mkubwa wa Neema. Nikasema kwa sauti ya mimbarani: "Kwa kuwa nyinyi watatu mnakidai, nitakikata vipande vitatu, kila mmoja achukue chake!" Nikainua mkasi, nikangoja yule wa kweli alie.

Nilisahau jambo moja. Wote walisoma shule ileile ya Jumapili, na wawili walikuwa wameisikia habari ya mfalme yule kutoka kinywani mwangu mwenyewe.

"Usikate!" Mama Riziki wa Mandazi alikuwa ameshapiga magoti kabla sijamaliza. "Umupatie yeye yote, lakini ikae nzima!"

"Hapana, umupatie huyu!" akasema wa Kwaya, naye akashuka chini. "Mi nakubali kupoteza! Usikate muguu wa imani, Baba!"

"Mi njo nilikubali kwanza!"

"Lakini mi nalia, we haulie!"

Kila mmoja alikuwa anamsukumia mwenzake kitambaa kwa mikono miwili, na kila mmoja ananichungulia kwa jicho moja aone kama nimeshaamua. Mkasi ulianza kunilemea mkono. Yule mfalme hakuwahi kupata shida ya namna hii. Wamama wake hawakuwa wameisikia hadithi.

Bibi mdogo akasogea mezani. Aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa.

"Kata," akasema.

"Mama?"

"Kata, Baba. Anzia hapa ku mbuzi. Hii muguu inanisumbuaka tangu zamani."

"Muguu wa imani?"

"Imani gani?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilikuwa nashona, maharage ikaanza kuungua, nikakimbia kuepua. Kurudia, nikasahau kama miguu nilishamaliza, nikaanza ingine. Umeona wapi mbuzi ya miguu tano? Nilisikia aibu, njo maana nilituma mutu wa kabaza, sikujaka hata siku moja kuangalia. Leta makasi."

Akautoa mkasi mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akaufungua. Na ndipo Neema akaingia.

Mfikirie alichokiona: kazi bora kuliko zote katika nyumba yake iko mezani, wamama wawili wako magotini wanalia, wa tatu ana mkasi, na mlinzi amesimama kando ameinua mikono.

"Baba Ester! Munafanya nini na makasi?"

"Tunafanya kama yule mfalme," nikasema.

"Mfalme hakukuwa na makumbusho!"

Alipouweka mkasi mbali na sisi sote, nilimweleza. Akageuza ncha ya kitambaa, akatuonyesha nyuma. Mahali pote mishono ya nyuma ilikuwa safi kama ya mbele, isipokuwa kwenye mguu wa tano. Pale kulikuwa na fundo nene, baya, na uzi umekatwa kwa meno.

"Si munaona?" akasema bibi, kwa aibu. "Fundo ya maharage."

Mama Riziki wa Mandazi akasimama, akapangusa magoti. "Basi," akasema. "Mi sikuwa na maharage." Kisha akafungua ule mfuko wake wa safari, akatoa mandazi aliyokuwa amejifungia ya kula njiani, akatugawia wote, na nawaambia ukweli, yalikuwa matamu.

"Lakini uzi wa bluu ni yangu," akasema wa Kwaya, mdomo umejaa.

"Ni yako kweli, dada," bibi akamjibu. "Bila ule uzi, ziwa haiko."

Neema akavuta kiti, akamkalisha bibi. Hakushika kalamu. Akamwuliza, "Mama, jina lako? Ile ya kwako."

"Juu ya nini?"

"Juu ya ukuta, Mama."

Alitazama mlango, akatutazama sisi. Akasema polepole, kama mtu anayetia mkono mfukoni na kushangaa kukuta kitu bado kipo: "Anastazia Wabiwa."

Ijumaa tukaenda. Kitambaa kilikuwa kimeviringishwa juu ya magoti yangu, na gari lilipopita Old Town katikati ya maduka, mama alitazama mbele tu. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye viatu visivyo na vumbi. Mayi Tiyamike akasoma majina yake kwa sauti, yote mawili, vizuri kabisa. Kisha akasema kwamba amesikia kuna maana kubwa katika mguu wa tano wa mbuzi, na angependa msanii mwenyewe awaeleze wageni.

Nilifumba macho nikaomba.

Mama Anastazia akasimama. Neema akatafsiri. "Mbuzi ni yangu," akasema. "Bantu bote ni bangu. Ziwa ni yangu, na uzi ni ya Mama Riziki wa Kwaya." Akanitafuta kwa macho. "Lakini hii muguu ya tano ni ya Baba Ester. Mi niliishona kwa makosa, yeye njo aliitembeza mpaka Mtandire."

Sijawahi kuchekwa na watu wakubwa kiasi kile, na sijawahi kufurahi hivyo nikichekwa.

Wageni walipokwenda kunywa soda, mama hakuwafuata. Alirudi mbele ya ukuta. Jina lake lilikuwa pale, herufi nyeusi kubwa. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akakipeleka mpaka ya mwisho, akarudi mwanzo tena. Mlinzi wa ukumbi akatoka kwenye kona yake, akaja haraka, kidole chake kimeshainuliwa, na mdomo wake ukiwa tayari kwa lile neno ambalo mimi nimelisema kuliko "Amina."

Nikamzuia kwa mkono. "Mwache, bwana," nikamwambia. "Ni lake."

Tuliporudi nilibandua karatasi zote nikaandika upya, jina la mama mwenyewe kwanza, la heshima chini yake. Msibadilishe mpangilio huo. Na kikapu kikienda harusini, kiacheni kiende.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki mikono na macho. Akupe mtu wa kukuuliza jina lako lote bila kukutisha, na siku litakapoandikwa mahali, uwe hai, uwe na nguvu za kusimama, uweke kidole chako juu yake, na asitokee wa kukufukuza. Amina.